Nilimwambia Baba Macho Yake Ndiyo Mabovu

Nimekosa, na sitaanza kwa kujitetea, maana kujitetea ndiko kulikonifikisha hapa. Nilimharibia baba yangu kamera, halafu nikamwambia kamera ni nzima, yeye ndiye anayepofuka. Na mzee wa watu akaniamini!

Mimi ni mama wa watoto, nauza viatu vya mitumba mpakani Busia. Nyumbani ni Masinya, upande wa Uganda, na Baba alikuwa akiishi nami tangu Mama atutoke. Mama alikuwa Msamia, Baba ni Mjopadhola wa Molo, kule Tororo. Kila mmoja alikataa kushindwa na lugha ya mwenzake, basi sisi watoto tukalelewa kwa Kiswahili cha mpakani.

Baba alikuwa mpiga picha. Alikuwa na studio Tororo mjini, na harusi nyingi za zamani za huku zilipita mikononi mwake. Simu zilipokuja studio ikafa, lakini kamera yake moja hakuiacha. Ni zile za filamu, za chuma, nzito kama tofali. Ukichungulia kwenye kidirisha chake unamwona mtu, na hapo katikati unaona kivuli chake kimesimama kando yake kidogo. Unazungusha lenzi mpaka kivuli kimwingie mwenyewe, wawe mtu mmoja, ndipo unabonyeza. Picha inatoka safi, hata kope unaziona. Binamu yangu humletea filamu kutoka Nairobi, na watu wa kanisani walikuwa bado wanamwomba awapige.

Mwaka huu kidirisha kikaingia ukungu. Baba akalalamika kwamba kivuli kimefifia. Nikamwambia nitamsafishia.

"Wapi!" akasema. "Hii mashine usiguse. Mimi nangoja binamu yako apeleke kwa fundi Nairobi."

Mimi na kiburi changu! Nilikuwa nimetazama video kwenye simu, mzungu mmoja anafungua kamera kama hiyo utadhani anamenya ndizi. Nikasema, kwani mimi nina mikono ya mbao? Baba alipokwenda Lumino kumsalimia rafiki yake, nikatandika leso mezani, nikaazima bisibisi za jirani anayetengeneza simu, nikafungua.

Nilipoinua kifuniko cha juu nikaona vioo vidogo, kimoja kina rangi kama ya dhahabu, vumbi limekilalia. Nikachovya pamba kwenye spiriti, nikasugua. Pamba ikatoka na unjano. Nikafurahi! Nikasugua tena na tena mpaka kioo kikawa cheupe kama maji.

Ule haukuwa uchafu, jamani. Rangi ile ndiyo iliyokuwa inaleta kivuli.

Niliporudisha kifuniko na kuchungulia, kidirisha kilikuwa kinang'aa, mpaka nikashangilia peke yangu. Kisha nikazungusha lenzi huku, nikazungusha kule. Kivuli hakuna! Nikarudi kwenye video. Yule mzungu alikuwa amesema kabisa kioo hicho kisiguswe kwa spiriti. Sehemu hiyo mimi niliiruka, niliona anaongea sana.

Nikafunga kila kitu, nikairudisha kamera kwenye mfuko wake wa ngozi, nikanawa mikono. Nikajiambia nitamweleza Baba akipumzika.

Sikumweleza. Jumapili kulikuwa na ubatizo. Baada ya ibada familia moja ikajipanga nje ya kanisa, mtoto analia ndani ya gauni jeupe. Baba akachungulia, akazungusha lenzi. Akaliondoa jicho kwenye kidirisha, akalifuta kwa kitambaa, akachungulia tena.

"Mama," akaniita. Ananiita hivyo kwa kuwa nina jina la mama yake. "Kuja uangalie. Mimi naona mtu moja tu. Ile kivuli iko wapi?"

Nikachungulia. Watu wote walikuwa wananitazama. Hapo ndipo ningesema. Hapo!

"Mimi nakiona, Baba," nikasema. "Kipo. Labda ni macho yako."

Akanitazama, akacheka kicheko cha mtu aliyejikwaa mbele za watu. Akawaambia wale wazazi watumie simu.

Njiani akaniambia, "Lakini barabara naona. Hata ile ng'ombe kule naona."

"Ndivyo yanavyoanza, Baba. Yanaanza na vitu vidogo vidogo."

Mimi, muuza viatu, nikajifanya daktari wa macho!

Baba akabadilika. Baiskeli akaiegemeza ukutani, akasema asije akagonga mtoto wa mtu. Kanisani yeye ndiye aliyekuwa akisoma Neno, akamwachia mwingine. Siku moja nikamkuta anapapasa kikombe cha chai kilichokuwa mbele yake, mchana kweupe. Mtu mwenye macho mazima, anapapasa! Nilikimbilia jikoni, nikajifunika uso kwa leso. Kila nilipotaka kusema, uongo ulikuwa umeshakuwa mkubwa kuliko lile kosa lenyewe.

Halafu Shangazi akapiga simu kutoka Molo. Ni dada mkubwa wa Baba, alikuwa mgonjwa, na alikuwa ameshajua haponi. Baba alikuwa ameweka sauti ya juu, mimi niko hapo hapo nachambua maharagwe.

"Ndugu yangu, kuja unipige picha," akasema. "Ile ya kuweka mbele ya sanduku. Ulinipiga msichana, ukanipiga harusi. Sasa maliza kazi yako."

"Dada, macho yangu imekwisha. Tafuta kijana ya simu."

"Simu sitaki. Nataka wewe."

"Nitaharibu sura yako. Siwezi."

Shangazi akasema, "Haya," akakata simu. Nilikuwa pale, wasomaji! Maneno yote yalikuwa mdomoni. Nikainamia ungo, nikaendelea na maharagwe yangu.

Shangazi alifariki kabla ya mavuno. Mbele ya jeneza waliweka picha ya kitambulisho iliyokuzwa, uso umetawanyika kama uji, hujui kama anacheka au ana hasira. Baba akasimama mbele ya watu.

"Dada yangu aliniomba kitu moja tu," akasema, "nikamnyima sababu ya macho. Mnisamehe."

Watu wakamhurumia. Wengine wakaja kunishika mkono, wakanisifu eti namtunza vizuri! Nilitamani ardhi ipasuke.

Baada ya mazishi nikampeleka kliniki ya macho Tororo. Mnajua kwa nini? Niliomba wamkute na ugonjwa. Mungu anisamehe! Niliomba baba yangu awe kipofu kweli, ili mimi nisiwe mwongo.

Daktari alimpima, akacheka. "Mzee, haya macho mazuri. Miwani ya kusomea tu inatosha."

Tukatoka, tukakaa kwenye benchi la nje. Nilidhani atafurahi. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Kama si macho," akasema polepole, "basi ni kichwa. Baba yangu ilimwanza hivi hivi. Mwisho hakujua hata majina yetu."

Hapo nikashindwa. Nikapiga magoti palepale mbele ya wagonjwa, nikamwambia yote, spiriti, pamba, kanisani, yote.

Hakupiga kelele. Aliniuliza kitu kimoja.

"Siku Dada alipiga simu, ulikuwa unajua?"

"Nilijua, Baba."



"Kioo si kitu," akasema. "Ungesema ni mashine, ningepima kwa hatua. Natembea kutoka kwake mpaka kwangu, naweka namba ya umbali kwenye lenzi, napiga. Zamani tulipiga sana hivyo. Dada angepata picha yake."

Akainuka, akaita bodaboda, akaniacha nimepiga magoti.

Siku hizi anaishi Molo, kwenye boma la Shangazi. Nikipiga simu anapokea, anauliza hali ya watoto. Nikimuuliza atarudi lini, anasema kuna palizi. Nilipokwenda kumwona nilimkuta uwanjani na kamera yake, anapima hatua kuelekea kwa wajukuu wa Shangazi waliojipanga mbele ya nyumba. Nilisimama pembeni na kikapu changu mpaka akamaliza. Hakuniambia nami niingie.

Wewe unayesoma, ukiharibu kitu cha mtu, sema siku hiyo hiyo. Atakutukana, atanuna, yatapita. Lakini usimwache mtu aanze kuuogopa mwili wake mwenyewe ili wewe uonekane msafi. Mimi nilikwepa kugombezwa asubuhi moja tu. Sasa ningetoa chochote Baba anigombeze, na hanigombezi.