Mzinga wa Badi Uliosikika Kudha

Badi bin Athmani alikuwa fundi wa madau hapa kwetu Chovae, tena fundi hasa, ila dau lake mwenyewe lilivuja. Mafuta ya papa ya kulipaka aliyamaliza kwenye mzinga. Ulikuwa mzinga wa kale, hakuna aliyejua nani aliuleta, umelala mchangani, mrefu kuliko mwanamume aliyejinyoosha. Badi aliukwangua kutu na kuusugua miaka nenda miaka rudi.

"Dau lavuja, mzinga wang'aa," mkewe Kulthumu akimwambia. "Si uuoe basi!"

"Siku nikiupiga, hata mchu wa kisiwani Kudha atausikia," Badi akimjibu.

Mwishowe Sheikh Mahmudi alimruhusu aupige kutangaza mwezi wa Idi. Sharti lilikuwa moja: kwanza mashahidi wawili waje kwake waseme wameuona.

Magharibi ya kuutazama mwezi, mashahidi walipanda kilimani. Badi alibaki chini na mzinga wake, baruti imekwisha shindiliwa. Likaja wingu la mvua, akahofu baruti italowa. Pembeni mwa wingu akaona kama uzi mweupe, au alitaka kuuona. Mie nasema alitaka. Akatia moto.

Kishindo kilivunja vyungu. Badi akacheka peke yake kwa raha. Mara mashahidi wakashuka: hawakuona kitu. Sheikh akatangaza papo hapo kwamba kesho ni saumu, na Chovae ikamsikia. Lakini Kudha, ng'ambo ya maji, walisikia mzinga tu. Bahari ilikuwa imekupwa, miamba iko nje, chombo hakipiti hadi alfajiri.

"Utakwenda mwenyewe," Sheikh alimwambia, "uwaambie kwa kinywa chako."

Alfajiri Badi akaondoka. Dau lilivuja vibaya, kila mara aache kasia achote maji ayamwage. Alipofika Kudha, jua lilikuwa juu, swala ya Idi imekwisha, watoto wana halua mikononi.

Mzee wao Abdulkadiri akamkumbatia mbele ya watu wote, kanzu yake yanukia udi, tende mdomoni.

"Badi! Mzinga wako chumeusikia! Hata vikombe vilitikisika!"

Maisha yake yote alingoja kuambiwa hivyo. Akatazama miguu yake.

"Ami, mwezi haukuonekana. Mzinga niliupiga mimi tu, bila mashahidi."

Abdulkadiri akaacha kutafuna.