Bibiana na Kompyuta ya Marehemu

Ukitaka kumwona Bibiana amepandwa na mori, nenda kibandani kwake Ngamiani, barabara ya kumi na mbili, mwekee kompyuta mezani kisha umwambie: "Haiwaki hii, ipige Windows tu." Wee! Utajuta kilichokupeleka.

Atavua miwani, atakutazama toka utosini hadi unyayoni, halafu ataanza. "Wewe ukiumwa jino unakatwa kichwa? Eti? Nani kakwambia dawa yake ni Windows? Umeipima?" Wateja wageni huomba radhi bila kujua wanaomba radhi ya nini. Wazoefu huketi kwenye benchi, wakaagiza kahawa, wakangoja ayamalize.

Na si kwamba hana haki. Mji huu una ugonjwa, jamani. Kompyuta imezima ghafla, piga Windows. Imeganda, piga Windows. Panya kaguguna waya, piga Windows! Na kupiga Windows kwa wengi wa mafundi wetu ni kufuta diski nzima: picha za harusi, mitihani ya shule, nyimbo za kwaya, vyote kapuni, kisha mwenye mali anarudishiwa mashine tupu na kuambiwa imepona. Bibiana ameshawaona watu wazima wakilia machozi mbele ya meza yake, wamemletea mashine iliyokwisha "kuponywa" hivyo kwa mafundi wawili kabla yake. Kila akiwakumbuka hutukana peke yake.

Alizaliwa kambi ya mkonge upande wa Mwera, Pangani. Baba yake alitoka bara kuja kukata mkonge, akaishia kuwa fundi wa mashine ya kukamua katani. Mzee yule hakugusa spana hata siku moja kabla ya kuuliza watu jana yake mashine ilifanywa nini. Bibiana alirithi maswali hayo, hasira akajiongezea mwenyewe. Alifika mjini akapata kazi kwenye duka la intaneti, na duka lilipofungwa, kila mtu akiwa na intaneti yake mfukoni, yeye alibaki na makompyuta ya zamani ambayo hakuna aliyeyataka. Hayo ndiyo aliyojifunzia. Mpaka leo kompyuta mpya humchosha. Mletee yenye Windows XP, iliyoliwa na chumvi ya bahari, ndipo umwone akikunja mikono ya gauni.

Basi siku hiyo simu ililia. Alikuwa Bi Mwamvua, mjane wa Raskazone.

"Shikamoo, Bi Mwamvua. Pole sana na msiba, mama yangu."

"Marahaba, mwanangu. Nishapoa. Bibiana, mimi nimo kwenye eda, mlango siuvuki. Lakini kompyuta ya mume wangu haiwaki, na shemeji yangu anataka ifutwe. Sauti ya Idarusi imo mle. Zile kasida zake zote. Sina sauti yake nyingine popote, hata kwenye simu, alikuwa hapendi kurekodiwa na simu. Njoo leo, mwanangu. Mafundi wanaume hawaruhusiwi kuingia nilipo, ndiyo maana nimekwita wewe."

Bibiana alikuwa amemjua marehemu Idarusi. Nani hakumjua? Alikuwa karani wa ofisi moja kule Raskazone, na ofisi ilipotupa makompyuta yake ya zamani alipewa moja, akaiweka nyumbani kwake, akaifungia maikrofoni ya bei rahisi. Kila alasiri akitoka kazini alikuwa akijirekodi kasida, akirudia na kurudia mpaka aridhike. Akafa ghafla, asubuhi, akiwa anavaa viatu.

Bibiana alifunga kibanda, akapanda bodaboda na mkoba wake wa vifaa.

Sebuleni alimkuta Uweso, mdogo wake marehemu, amekaa wima kwenye kochi na tasbihi mkononi. Pembeni yake alikuwa Badru. Loo! Bibiana alipomwona Badru tu, alifura kwa hasira, maana Badru ni fundi wa barabara ya jirani, na kama yupo mtu aliyeupigia Windows mji huu wote, basi ni yeye. Na mapajani alikuwa ameshika diski mpya, bado imo kwenye nailoni.

"Shikamoo, mzee Uweso."

"Marahaba. Umeitwa, sikukatazi kuingia. Lakini kazi imekwisha hapa. Badru ameipima, diski imekufa. Anaweka nyingine, anapiga Windows, Ijumaa watu wa madrasa waje kuichukua. Nilitamka kwenye hitma ya arobaini, mbele ya watu wote, kwamba kompyuta ya kaka yangu ni sadaka kwa watoto. Siwezi kuonekana mwongo."

"Badru, diski umeipima kwa kitu gani?" Bibiana akauliza.

"Dada Bibiana, usianze. Ukiwasha inaleta kioo cha buluu, maandishi meupe, inajizima. Nikaweka CD ya Windows niipige upya, CD yenyewe ikasema haioni diski. Haioni! Sasa ungekuwa wewe ungesemaje?"

"Ningenyamaza kwanza! Yaani ulikuwa ushaweka CD? Ulikuwa unafuta tayari?"

"Nilitumwa nipige Windows."

"Ukitumwa uchome nyumba utachoma? Mshukuru Mungu iligoma! Ingeiona hiyo diski, sasa hivi sauti ya marehemu isingekuwepo duniani!"

Badru akatazama pembeni. Uweso akapiga tasbihi yake kwenye goti. "Mwanamke, teremsha sauti. Hii ni nyumba ya msiba."

Bibiana aliteremsha sauti. Aliinua pazia la chumba cha ndani, akaingia. Mwamvua alikuwa ameketi mkekani, kanga nyeupe kichwani, na kompyuta iko mbele yake kwenye kigoda. Jana yake Badru alipoirudisha kutoka kibandani kwake, Mwamvua aliwaita wanawake wa jirani wakaibeba mpaka chumbani, na tangu hapo hajaiachia.

"Watataka waitoe," alinong'ona.

"Hawawezi kuingia humu. Mama, niambie, kabla marehemu hajafa ilikuwa inawaka?"

"Alikufa asubuhi, na jana yake jioni alikuwa anaimba nayo."

"Kisha ikafanywa nini?"

Mwamvua akafikiri. "Hakuna. Shemeji aliichomoa tu. Maiti ikiwa bado ndani alizunguka nyumba nzima, redio, televisheni, kompyuta, kila chenye kutoa sauti akachomoa kwenye ukuta, akafunika mashuka. Si ndiyo ada? Ikakaa hivyo mpaka arobaini."

"Na zamani mlikuwa mkiichomoa?"

"Abadani. Idarusi alikuwa anazima kwa kitufe, waya hauguswi."

Bibiana akachomeka, akawasha, akabonyeza kitufe cha kuingilia mipangilio ya ndani kabla Windows haijaanza. Saa ya mashine ikamwambia ni mwaka elfu mbili na nane. Akapiga paja lake. Ndani ya kompyuta mna betri ndogo ya duara, kama ya saa ya ukutani lakini bapa, kazi yake kuikumbusha mashine mambo yake wakati haina umeme. Ya hii ilikuwa imezeeka. Umeme ukikatika usiku mmoja ilikuwa inajikongoja. Kufunikwa shuka mpaka arobaini, haikuweza. Mashine ikasahau kila ilichofundishwa, ikarudia mipangilio iliyozaliwa nayo kiwandani. Na kiwandani ilifundishwa kuongea na diski kwa njia mpya, wakati mafundi wa ofisi walipoiwekea XP walikuwa wamebadili iongee kwa njia ya zamani, kwa sababu XP ile njia mpya haiijui. Ndiyo maana Windows iliamka, ikatafuta diski, haikuiona, ikafa na kioo cha buluu. CD ya Badru nayo ni XP hiyo hiyo. Ingeona nini?

Alitaka kumfokea mtu. Amfokee nani? Uweso alichomoa kwa heshima ya maiti. Hata yeye, Mkatoliki, kwao redio huzimwa msibani. Hilo likamwudhi zaidi.

"Imekuwaje?" Uweso akaita kutoka sebuleni.

"Diski nzima! Haina ugonjwa wowote!"

"Badru anasema imekufa."

"Badru aje aniambie mwenyewe!"

Badru hakuja, angeingiaje? Lakini Uweso alisimama, wakaisikia sauti yake imekaribia pazia. "Itoeni nje hiyo mashine. Nasema itoeni! Badru aweke diski mpya, yaishe. Mnang'ang'ania kitu kidogo namna hii kwa nini?"

"Haitoki, shemeji," Mwamvua alisema taratibu.

Bibiana akabadilisha betri kwa ile aliyokuja nayo mkobani. Akawasha. Mashine ikalia piii, piii, piii, kioo cheusi. Mwamvua akashika kinywa.

"Mmeiua!" Uweso akasema nje, na wallahi ilikuwa kama amefurahi.

"Haijafa, funga mdomo wako!" Bibiana akamrudishia, kisha akajishika mdomo maana yule ni mtu mzima. Akafungua ubavu wa mashine tena. Vibao vya ram, vile vya kumbukumbu ya mashine, vilikuwa na kutu ya upepo wa chumvi kwenye meno yake, ndiyo kawaida ya Raskazone, na mkono wake ulipokuwa ukibadilisha betri ulivitikisa. Akatoa kifutio cha penseli, akasugua meno yale mpaka yakang'aa, akavirudisha kwa kubana sawasawa. Akawasha. Akaingia kwenye mipangilio, akaweka tarehe ya leo, akateremka mpaka palipoandikwa namna ya kuongea na diski, akairudisha njia ya zamani. Akahifadhi.

Kioo kikawa cheusi. Kikakaa. Halafu ikaja alama ya Windows na ule mstari wake unaokimbia, ukakimbia, ukakimbia, na buluu haikuja. Ikapiga muziki wake wa kuamka.

Mwamvua alianza kulia kabla ya kitu chochote. Bibiana akachomeka flashi, akanakili kasida zote, moja baada ya nyingine, na akanakili tena kwenye flashi ya pili kwa sababu hamwamini mtu. Ndipo akauliza, "Nifungue moja, mama?"

"Fungua. Yoyote."

Feni ilisikika kwanza. Mtu akakohoa kusafisha koo. Kisha sauti ya Idarusi ikatoka, nene, ya kuvuta, imekaa kwenye ubeti wa kwanza kama aliye nyumbani kwake. Mwamvua alikuwa ameinamisha kichwa. Ubeti haujaisha, sauti nyingine nyembamba ikaingia kwa pupa kuitikia, na Idarusi akakatiza kuimba, akacheka. "Uweso! Mdogo wangu, unakimbilia wapi? Ngoja nimalize."

"Zimeni!" Uweso alipiga kelele nyuma ya pazia. "Zimeni kitu hicho! Sitaki kuisikia!"

Bibiana akasimamisha. Nje palikuwa na mtu anayevuta pumzi kwa shida.

"Nilitaka ifutwe," Uweso akasema, na sauti haikuwa ile ya kuamrisha. "Hayo ya madrasa ni kweli, lakini nilitaka ifutwe. Mimi siwezi kumsikia. Kila siku tulikuwa pamoja pale, nikimwitikia. Siwezi, shemeji."

Basi hapo Mwamvua aliinuka. Tangu msiba hakuna aliyemsikia akipaza sauti, na sasa ilitoka yote, Badru aliyekuwa sebuleni akajikuta amesimama.

"Huwezi? Huwezi wewe! Na mimi je? Wewe ukitoka hapa unakwenda msikitini, unakwenda sokoni, unakaa na watu barazani. Mimi nimefungiwa na kuta hizi alizozipaka chokaa mwenyewe, nalala kwenye kitanda chake, na nguo zake zimeshagawiwa sadaka, na wewe ndiye uliyezigawa! Nikanyamaza. Nikasema ni haki, ni ada. Kilichobaki ni sauti, Uweso, sauti tu, na hiyo nayo ulitaka unizikie kwa kuwa wewe huwezi! Hukuniuliza! Hata siku moja hukuja nyuma ya pazia hili ukaniuliza!"

Nje tasbihi ilianguka sakafuni.

"Kompyuta itakwenda madrasa Ijumaa kama ulivyoahidi. Sitakuaibisha. Lakini leo huondoki." Akamgeukia Bibiana, machozi yanamtiririka na hajishughulishi kuyafuta. "Anza tangu mwanzo, mwanangu. Ongeza sauti, aisikie mpaka huko nje. Na wewe, shemeji, kaa chini."

Wakasikia kochi la sebuleni likilia, Uweso amekaa. Bibiana akaongeza sauti mpaka mwisho.