Samaki Aliyeliwa Naye Yuko Bafuni

Nianze kwa kukiri, maana wengi wenu mmeshaisikia nusunusu huko Aston na Nechells, na kila anayeihadithia anaitia chumvi yake: ndiyo, ni mimi, Salma wa Saltley, niliyemlisha shangazi wa mchumba wa binti yangu samaki wa uongo. Aibu niliipata, sikatai, niliipata mpaka nikawa naenda dukani mtandio umeshuka hadi puani. Lakini kama yupo mtu anayesubiri niseme najuta kumfuga yule samaki, basi na atafute kiti akae, maana atasubiri sana.

Samaki mwenyewe Waingereza wanamwita largemouth bass, yaani ni besi wa mdomo mpana, na mpana kweli, akiufungua unaweza kutia kikombe cha kahawa. Nilipewa na Keith, mzee mmoja tuliyekuwa tukifunga naye maboksi kwenye bohari moja huko Nechells, alikuwa anahamia kwa mwanawe na huko hakuna nafasi ya tangi. "He'll be no trouble, Salma," akaniambia, yaani hatanisumbua, na akaja na tangi la kioo refu kama kitanda cha mtoto na ndani yake kisamaki cha urefu wa kidole. Miaka miwili baadaye kisamaki kile kilikuwa kinatoka kiwikoni kwangu mpaka kwenye ncha za vidole, mgongo wa kijani, mstari mweusi ubavuni, anakaa kimya kwenye kona yake na kila kinachopita mbele ya mdomo wake kinamezwa. Nikamwita Sheha. (Mliotoka Unguja, mliokaa chini ya masheha wa mitaa, mnajua kwa nini, wengine msiulize.)

Watu walinisema. Mwanamke mtu mzima, mjane, unafuga samaki haliwi, hauzwi, hata kuimba haimbi! Niliwaacha waseme. Baba Rukia, mume wangu, alikuwa amefariki, nyumba ilinyamaza mpaka nikawa naogopa kufungua mlango nikitoka kazini, na katika nyumba nzima aliyekuja kwenye kioo kunitazama nikiingia alikuwa Sheha. Nilimlisha kamba wa baharini, wale wekundu, kwa mkono wangu, namning'iniza mmoja juu ya maji, anaruka na kumnyakua. Nilimpenda, basi, mnataka niseme nini?

Sasa ikaja habari ya Othman. Rukia wangu alimpenda kijana huyo wa Aston, mtaratibu, mwenye heshima, na Othman alilelewa na shangazi yake, Bi Zuwena, ambaye neno lake kwao ndilo la mwisho. Kabla wanaume hawajaleta posa, Bi Zuwena alitaka kwanza kuja yeye na wanawake wawili wa kwao, waione nyumba, wamuone binti, wamuone mama wa binti. Akiridhika, posa inakuja. Asiporidhika, Othman hatavuka neno lake. Rukia hakulala siku mbili. Asubuhi ile akanishika mikono miwili akaniambia, "Mum, please, just be normal."

Nikawa normal, mtu wa kawaida kama alivyotaka. Nilifukiza udi mpaka kengele ya moshi ikalia, nikapanga sambusa, katlesi, kashata na chai ya maziwa, nikavaa dera jipya. Wakaja saa saba mchana, Bi Zuwena mbele, mama wa miaka sitini na kitu, vidole vya miguu vimepigwa hina ikakolea nyekundu, na nikamkalisha mahali pazuri kuliko pote, yaani kwenye kochi linalotazamana na tangi.

Hapo ndipo nilipoharibu. Bi Zuwena alimtazama Sheha muda mrefu, akasema, "Mashaallah, samaki alivyonona!" Na mimi, kwa adabu niliyolelewa nayo, nikamjibu, "Karibu Bi Zuwena, wako huyo." Nyinyi mnajua mambo haya yanavyokwenda. Mgeni akisifu kanga yako unamwambia yako hiyo, akisifu bangili unamwambia yako hiyo, na yeye naye amelelewa kusema ahsante mwanangu, nishapokea, kaa nayo, na hapo mambo yanakwisha, kanga inabaki sandukuni kwako. Arobaini na nane miaka yangu, sijapata kumwona mtu aliyekubali.

"Nishapokea mwanangu, Mungu akuzidishie," akasema Bi Zuwena. Nikatabasamu nikingoja maneno yaliyobaki. "Basi mkaange, lakini usimtie viungo vingi. Tangu nihamie nchi hii sijala samaki aliyekuwa hai asubuhi. Nilipomwona tu nikajua, huyu mama anajua kupokea wageni."

Wenzake wawili wakaitikia, "Anajua, anajua," mmoja akapiga kigelegele kabisa.

Jamani, nilitakiwa niseme pale pale: Bi Zuwena, huyu si kitoweo, huyu ni wa kufugwa. Maneno mafupi. Lakini nilimtazama mama wa watu jinsi uso wake ulivyonawiri, nikamtazama Rukia mlangoni na trei ya vikombe, nikasikia mdomo wangu mwenyewe unasema, "Bila shaka, dakika chache tu." Nikachukua wavu na ndoo, nikamvua Sheha mbele ya wageni huku wanasema Bismillah, nikatoka naye, na badala ya kuingia jikoni nikapanda ngazi mbio mbio hadi bafuni, nikafungulia maji baridi kwenye beseni la kuogea, nikatia yale matone ya kuondoa dawa ya maji ya bomba isimdhuru, nikamwachia humo. Akanitazama. Sikuweza kumtazama.

Rukia alinifuata akinong'ona kwa hasira, "You can't cook Sheha!" Nikamwambia nani kasema nampika, toka mlango wa nyuma, kimbia Alum Rock Road, ukaniletee samaki mzima, yeyote. Akaenda, akarudi anahema, na alichokuta ni perege. Perege wa barafu! Mgumu kama tofali, mdomo wake mdogo hata punje ya mchele inapita kwa shida. Nikamtumbukiza kwenye maji ya moto akalainika, nikampaka chumvi, ndimu na thumu, nikamkaanga moto mkali mpaka ngozi ikabadilika rangi nikiomba asitambulike, nikampeleka kwenye sinia na vitunguu vingi vya kumfichia.

Bi Zuwena akamgeuza. "Mbona amepungua?"

"Samaki wa maji baridi, Bi Zuwena, akikaangwa anajikunyata."

"Na mdomo je?"

"Mafuta ya moto," nikasema. (Niliposikia jibu hilo linatoka kinywani mwangu nilitaka kuingia kabatini.)

Akakata kipande, akatafuna, akafumba macho. Akawageukia wenzake, akawaambia, "Mnaona? Hii ndiyo ladha niliyokuwa nawaambieni. Mkila wale wa madukani mnakula barafu. Humu hamna barafu hata chembe." Wakakubali, na mimi nikakubali, nilikubali kuliko wote, na Rukia akakimbilia jikoni nikamsikia anakohoa kikohozi kisichokuwa kikohozi. Nikajiambia, Salma, umevuka. Bi Zuwena alimwita Rukia akamkalisha karibu yake, akamshika kidevu, akamwambia "mkwe wangu". Nililisikia kwa masikio yangu neno hilo.

Nikaingia jikoni kuchemsha chai nyingine, na nilipotoka nayo kochi lilikuwa na watu wawili. Nikauliza, Bi Zuwena yuko wapi? Wakasema, "Alasiri imeingia, amepanda juu kutia udhu."

Trei niliiweka wapi sijui. Nilikuwa kwenye ngazi ya tatu niliposikia ukelele.

Ninavyoelewa mimi ni hivi: mama wa watu aliona beseni lina maji, akadhani nimewawekea wageni, taa hakuiwasha, akaosha mikono na uso kwenye sinki, na ilipofika miguu akaunyanyua mguu, akauning'iniza juu ya maji. Na Sheha, ambaye hajala tangu jana, akaona kitu chekundu kinatikisika juu ya maji kama kinavyotikisika kila siku. Mtamlaumu? Mimi simlaumu. Meno yake hayakati, ni ya kukwaruza tu kama msasa, lakini ukiwa gizani, dole gumba limo ndani ya mdomo wa kitu usichokijua, hujui kwamba hayakati.

Akatoka pale juu ya ngazi, mguu mmoja unachuruzika maji, buibui kalikunja mpaka magotini, anatazama chini kwetu sote, na hakupiga kelele tena. Afadhali angepiga. "Bi Salma," akasema polepole, "huyu aliyemo humu ni nani, na yule niliyemla ni nani?"

Mmoja wa wale wawili akaanza kucheka, akajiziba kwa mtandio, na hapo nikaona uso wa Bi Zuwena unabadilika, maana alikumbuka. Alikumbuka ile barafu.

Nikamwambia kweli yote nikiwa pale pale kwenye ngazi, kwamba yule alikuwa perege, kwamba nilisema wako huyo kwa adabu tu, nisamehe, nimekosa. Akashuka, akavaa viatu vyake, akasema, "Ulinipa samaki, nikapokea mbele ya mashahidi. Basi ni wangu. Mkaange kweli, nimuone, ndipo tuzungumze habari ya watoto."

Rukia alinitazama. Kila mtu alinitazama. Na mimi, pamoja na aibu ile yote, nikasema, "Kosa ni langu, Bi Zuwena, niadhibuni mimi. Simkaangi."

Wakaondoka. Rukia hakunisemesha siku tisa. Alikuwa anapita sebuleni kama hanioni, anajifungia chumbani na simu, nasikia analia, na nakwambieni, hapo ndipo nilipoumia, si kwenye ngazi. Siku ya kumi akasimama mbele ya tangi akasema, "It's not even about the fish, Mum. Ulidanganya." Kumbe si samaki aliyemuudhi. Neno la Kiswahili mwanangu huyu hulitoa kwa kulazimishwa, na siku hiyo alilitoa mwenyewe.

Nikavaa, nikapanda basi hadi Aston mchana ule ule, mikono mitupu, nikagonga mlango wa Bi Zuwena. Alifungua akasimama mlangoni, hakusema karibu. Nikamwambia, "Nimekuja kukuomba radhi kwa perege. Nilikudanganya ukiwa mgeni wangu, na nilikuacha useme vile mbele za watu nami najua. Kwa hilo naona haya mpaka leo. Lakini kwa Sheha siombi radhi, na nikirudi nyumbani nitamlisha."

Akanitazama sana, toka juu hadi chini. "Walinicheka?"

"Hakuna aliyekucheka, Bi Zuwena."

"Unaongopa tena," akasema. "Mimi mwenyewe nimejicheka, itakuwa hao?" Na mdomo ukamcheza kidogo, akauzuia. "Mwambie binti yako wanaume watakuja Jumapili kuleta posa, na mimi nitafuatana nao. Udhu nitakuja nao kutoka kwangu."

Basi ndiyo hivyo, walikuja, posa ikapokelewa, na mkikutana na mtu anayeihadithia vingine mwambieni aje kuniuliza mimi. Kumdanganya mgeni sirudii, nimeapa, hata mgeni huyo akinisifia roho yangu nitamwambia ahsante na hiyo haitoki. Ila anayetaka nimtoe Sheha ndiyo nionekane mtu mzima mwenye akili, mlango anaujua, afunge akitoka.