Aliyetia Alama Ndiye Hupanda

Nakumbuka siku moja ya mwaka 1985, nikiwa na miaka kumi na tisa, miguu yangu mwenyewe iliponikataa chini ya nguzo ya stima kule Myanga. Shida zilikuwa zimeanza mwaka uliotangulia. Baba alifariki, tukashindwa na nyumba ya kupanga pale Matisi, nami nikaandikwa kibarua katika genge la kukagua nguzo za mbao. Shule niliishia darasa la tatu. Sioni haya kusema, maana wako waliofika chuo kikuu na hawajui nguzo huoza wapi.

Wewe nakuambia, mwanangu. Nguzo haianzi kuoza kule juu unakotazama. Huozea pale inapoingia ardhini, unyevu na hewa vinapokutana, na mchwa nao wanapajua. Unaigonga kwa nyundo ukiizunguka: nzima inalia, mbovu inanung'unika kama mtu aliyejifunika blanketi. Halafu unachimba kando yake, kina cha mkono hadi kiwiko, unaidunga kwa chuma chenye ncha. Ikiwa ngumu, unaipaka dawa nyeusi, unarudisha udongo, unaushindilia, ndipo unatia alama nyeupe.

Waya kuukuu za laini ile ya Myanga zilikuwa zimeshushwa, mpya zipandishwe kesho yake. Nilipewa nguzo kumi na mbili. Kumi na moja nilizichimba kwa haki. Ya mwisho ilisimama katikati ya shamba la mama mmoja mjane, na nilipoinua tu jembe akatoka jikoni mbio.

"Ai, kijana! Si hayo maharagwe yameota juzi tu! Kwani hiyo mti imekukosea nini?"

Akaniletea chai ya maziwa na viazi vitamu. Basi nikagonga mara moja, hapa kwenye kimo cha kifua, ikalia vizuri, nikatia alama. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini aliyeshiba viazi vya mtu hasikii vizuri.

Desturi moja ya genge nilikuwa bado siijui. Asubuhi akaja nyapara wetu, Mzee Wafula, vyuma vya kupandia begani, na nyuma yake Barasa, fundi wa kupanda, ambaye mke wake alikuwa amejifungua wiki hiyo hiyo. Mzee akauliza alama ile ni ya nani.

"Yangu, Mzee."

"Vizuri. Hapa kwetu aliyetia alama ndiye hupanda kwanza. Barasa atapanda baada yako. Vaa vyuma."

Nikavaa. Kiburi cha ujana nacho hakijui kuomba msamaha.

"Ulichimba?"

"Nilichimba, Mzee."

Genge zima likageuka kutazama maharagwe. Yalikuwa yamejipanga mstari hadi kwenye nguzo yenyewe, hakuna hata jani lililoinama.

"Bana," Barasa akasema, "huyu alichimba na macho!"

Wakacheka wote isipokuwa Mzee. "Basi panda. Tunakungoja."

Nikainua mguu wa kulia, ukarudi chini wenyewe. Nikainua wa kushoto, vivyo hivyo. Nikamtazama Barasa akikaza mshipi wake kiunoni, tayari kunifuata juu kwa sababu ya rangi yangu.

"Mzee, sikuchimba."

Wakafunga kamba, wakavuta watu watatu tu. Nguzo ikakatika kama mhogo uliopikwa, ikalala juu ya maharagwe hadi mlangoni pa choo. Pale chini ndani palikuwa patupu, mchwa wamebakiza ganda.

Mama akatoka na mwiko mkononi. "Jana nimekulisha, leo unaniangushia mti!"

Mzee Wafula akanishika sikio, mtu mzima mimi. "Jana ungemharibia mama huyu mashina kumi. Leo umemharibia shamba. Ungenyamaza dakika moja zaidi, ungemharibia mke wa Barasa maisha."

Nikapanda maharagwe upya, mstari kwa mstari, wenzangu wakila viazi kivulini na kunielekeza ati huo mstari umepinda. Barasa hata leo tukikutana sokoni huniita Jembe la Macho, nami naitika.

Basi shika haya, mwanangu. Usitie alama juu ya kazi ambayo wewe mwenyewe hutathubutu kuipanda. Mwenye shamba akikusihi usichimbe, kunywa chai yake, mshukuru, kisha chimba. Usirundike samadi wala mabua kwenye nguzo, wala usifunge ng'ombe hapo. Rudi uikague hata ile uliyoisifu, kwa sababu mchwa hawasomi alama. Na ukikosea, sema ukiwa bado chini.

Leo nina ekari tatu nje ya Kitale, nyumba ya matofali, ng'ombe wawili wa maziwa, mashine ya kusaga mahindi, na genge langu la watu wanane ambalo halijawahi kuzika mtu wake. Mungu akupe mgongo usiochoka kuinama, na kila utakachosimamisha duniani akipe mguu mgumu.