Damu ya mama yangu haikuwa na makosa: kisa cha nyumba yetu Umoja

Wakuu, niaje humu ndani.

Mimi ni msomaji kimya wa miaka mingi. Nasoma visa vyenu, nacheka, nafunga simu. Leo ni zamu yangu na sina cha kuchekesha. Nitawaambia mambo yalivyokuwa, hata pale panaponiaibisha mimi mwenyewe.

Ni ndefu. Wale wa "fupisha", mlango uko wazi.

Tulihamia Umoja, hapa Nairobi, mwisho wa miaka ya sabini, estate ikiwa bado mpya, rangi ya kuta haijaanza kubanduka. Baba alikuwa Mkikuyu wa Murang'a. Mama ni Mbukusu wa Bungoma. Walikutana kanisani, wakapendana, wakaoana. Shosho, mama yake baba, hakuipenda ndoa ile tangu siku ya kwanza, na hakujificha.

Baba alikuwa fundi wa betri za magari.

Vijana wa siku hizi hamjui hiyo kazi, wacha niwaeleze. Betri ya lori ikifa, haikutupwa. Ililetwa kwa baba. Anaipasua, asidi anaimwaga kwa mtaro, anatoa zile sahani za ndani za risasi, yaani lead, ile metali nzito ya kijivu. Anaziyeyusha kwa sufuria kuukuu juu ya makaa, anamimina kwa kalibu, anaunda sahani mpya. Betri inaamka. Alisifika hadi mtaa wa Donholm.

Karakana yenyewe ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, hatua kumi kutoka jikoni. Chini yake mchanga ulikuwa wa kijivu, laini kama unga. Lile vumbi lilikuwa kwa nguo zake, kwa nywele, kwa kitambaa cha kiti alichokalia. Akifika mlangoni tunamrukia, anatubeba hivyo hivyo.

Tulifuga kuku hapo nyuma. Walikufa wote. Majirani wakasema ni kideri, tukaamini.

Baba alitukataza jambo moja tu: msiguse asidi. Asidi inachoma suruali ukiiona. Risasi haichomi mtu, kwa hivyo nani angeiogopa? Hakuna aliyewahi kumwambia kitu, na yeye hakuwa mtu wa kutudhuru kwa makusudi. Naomba mlielewe hilo kabla hamjaanza kumtukana.

Sasa. Mama akapata mimba ya tatu, nami niko na miaka tisa.

Mama akiwa na mimba lazima ale udongo. Kwao Bungoma walikula ule wa kichuguu. Nairobi alinunua mawe ya kula sokoni, yale meupe. Na kama wewe ni wa kucheka hapo, kamuulize mama yako alikula nini ukiwa tumboni, halafu urudi ucheke vizuri.

Mimba hiyo ilimsumbua. Miguu ilifura, sokoni hakuweza kwenda. Ng'ambo ya barabara walikuwa bado wanajenga, kuna marundo ya murram, ule udongo mwekundu. Akawa ananituma kila jioni na kikombe cha bati.

Mvua ikaanza kunyesha. Ile murram ikawa tope tupu, viatu vya shule vinazama, na nikivichafua ni mimi navisugua. Nilikuwa mtoto mvivu wakuu, siwezi kudanganya. Siku moja nilizunguka tu nyumba, nikainama chini ya mabati ya baba ambako ni pakavu, nikajaza kikombe. Dakika mbili nimemaliza.

Mama akaonja. Akaniangalia.

"Huu wa leo ni mtamu. Umetoa wapi?"

"Pale pale ng'ambo."

"Basi uwe unaleta huu huu."

Nikawa naleta huo huo. Kila jioni, mpaka akajifungua. Mimi pia niliulamba, na ni kweli ulikuwa na utamu fulani.

Mtoto akawa wa kiume. Mdogo sana, analia sauti nyembamba.

Kwa Wakikuyu kijana wa kwanza anabeba jina la baba yake baba, na wa pili la baba yake mama. Ndugu yangu Kamau alikuwa ameshachukua lile la kwanza. Kwa hivyo huyu akaitwa Wekesa, jina la guka, babu yetu wa Bungoma. Baba alisimama kidete hapo. Shosho alitaka jina la Kikikuyu, baba akasema desturi ni desturi, hata kama mzee ni Mbukusu. Mama alifurahi sana siku hiyo. Kumbe jina hilo ndilo lingekuwa fimbo ya kumchapa.

Wekesa alichelewa kukaa. Akachelewa kutembea. Karibu miaka minne ndipo alisema neno ukaelewa. Alikuwa akishikwa na degedege, anashika tumbo analia bila sababu. Shuleni mwalimu alimrudisha wiki ya pili, ati hashiki kitu.

Na guka Wekesa wa Bungoma, uzeeni, alikuwa akiongea peke yake.

Basi! Shosho akapata kesi yake. "Si mlimpa jina la yule mzee? Amekuja na kichwa chake. Hiyo ni damu ya kwao." Alisema jikoni, alisema kwa mkutano wa akina mama wa kanisa, alisema mama akiwa pale pale anamimina chai. Kila mgeni aliyeingia aliambiwa.

Mama akapoteza mimba mbili baada ya hapo. Shosho: "Mnaona? Damu inakataa."

Baba alimtetea mwanzoni. Kisha mwenyewe akaanza kuugua. Tumbo linamkata, hasira haziishi. Mwishowe mikono ikalegea, viganja vinaning'inia, hawezi kuinua hata nyundo. Fundi asiyeweza kushika nyundo! Shosho akasema watu wa Bungoma wamemroga mwanawe. Na mtu mgonjwa, akiimbiwa wimbo mmoja asubuhi na jioni, anaishia kuuitikia.

Wekesa akiwa na miaka sita, baba alimwambia mama, mbele yetu, "Chukua kijana wako urudi kwenu. Nyumba hii nimechoka kuzika." Alisema hivyo akiangalia ukuta.

Mama hakupigana. Alifunga nguo kwa shuka mbili, akamvika Wekesa sweta, akatushika kichwa mimi na Kamau mmoja mmoja. Mimi nilimshika rinda nikapiga nduru hadi majirani wakatoka. Shosho aliniondoa vidole kimoja kimoja. Aki hiyo siku sitaisamehe hadi kaburini.

Baba alifariki miaka michache baadaye, figo. Mama hakuruhusiwa kumwaga mchanga kaburini. Alisimama barabarani na Wekesa mpaka watu wakatawanyika.

Nilikua nikiamini maneno yale yale ya shosho. Mnaonaje hapo? Nilimpenda mama yangu, lakini moyoni nilijua damu yetu ya upande ule ni mbovu. Nilipoolewa niliogopa kuzaa. Kila mtoto wangu aliposhikwa na homa nilimkazia macho nikitafuta Wekesa ndani yake. Hakuna aliyepata shida, lakini kila mara nilijiambia bado iko njiani inakuja. Nilipopata nguvu nilimtoa mama Bungoma, na Wekesa wake, nikawaleta kwangu Donholm. Wako hapa hadi leo.

Juzi binti yangu wa mwisho akaleta kijana wa watu. Wazee wa kijana wakaja, wakala, wakanywa. Kisha mmoja akanong'ona, "Na yule mjomba, ana nini? Ni kitu cha ukoo?"

Mama alikuwa pale. Alisimama, akakusanya vikombe ambavyo havijamalizwa, akaingia jikoni. Miaka arobaini na neno ni lile lile.

Nikaapa safari hii nitajua. Nilimpeleka Wekesa na binti kwa daktari mmoja mama wa mambo ya jeni, yale ya kurithi kwa damu. Nikamweleza yote, nikaanza na guka wa kuongea peke yake, maana kwetu kesi ilianzia hapo.

"Guka alianza kuongea peke yake akiwa na umri gani?"

"Sabini na kitu."

"Basi huo ni uzee, tumwache mzee apumzike. Nyumbani kwenu baba alifanya kazi gani?"

Hakuna mtu alikuwa amewahi kuniuliza hilo. Nikamwambia betri. Aliweka kalamu chini. Kisha akauliza kama mama alikula udongo, nikamweleza hata kile kikombe cha karakana.

Nitawapa vile nilivyoelewa, wataalamu mnirekebishe. Risasi ni sumu ya ubongo, na mtoto aliye tumboni hana ukuta wa kuizuia. Mwili wa mtu mzima unaificha kwa mifupa, halafu mama akibeba mimba mifupa inaiachilia. Kwa hivyo, akasema, vumbi la nguo za baba lilikuwa limeshaanza kazi kabla ya udongo wowote. Zile mimba mbili pia, na mikono ya baba, vyote vinalingana na sumu hiyo.

Nikauliza, sasa jeni zetu zimeharibika? Akasema fikiria redio. Stesheni ziko zote, hakuna iliyofutwa. Lakini sumu, njaa, moshi, hata mateso, vinaweza kuzungusha kile kifundo cha sauti, stesheni hii ikanyamaza, ile ikapiga kelele. Wao wanaita epijenetiki. Na vifundo vinapangwa sana mtoto akiwa tumboni, ndiyo maana sumu ya wakati huo inakaa na mtu maisha yote.

"Na wajukuu?"

"Kwa binadamu bado tunachunguza. Sitakudanganya kwamba najua. Lakini ugonjwa wa ukoo wa Bungoma siuoni hapa." Alisema pia hawezi kuapa mahakamani, miaka imepita. Ila kama ni yeye angeanza na ile karakana, si na ukoo wa mtu.

Nilirudi nyumbani nikamkuta mama sebuleni anachagua maharagwe na Wekesa. Nikamwambia yote, polepole. Alinifanya nirudie mara tatu ile sehemu ya guka.

"Kwa hivyo si baba yangu."

"Si yeye, mama. Wala si wewe."

Alilia. Sijawahi kumwona akilia hivyo, hata siku ya mazishi. Alipofuta machozi nikajua ni lazima niseme. Nikamwambia udongo wa kikombe haukutoka ng'ambo. Nilikuwa nautoa kwa karakana kwa sababu sikutaka kusugua viatu.

Mama akaendelea kuchagua maharagwe. Nilitamani anichape.

"Nyambura, ng'ambo kulikuwa na udongo mwekundu. Ule ulikuwa wa kijivu. Mimi nina macho."

"Ulijua?"

"Nilijua unatoka kwa baba yenu. Sikujua ni sumu. Ulikuwa mtamu, nikala. Wewe ulikuwa mtoto."

Wekesa akauliza kwa nini tunalia. Mama akamwambia ni vumbi la maharagwe.

Baadaye nikamwambia, mama, sasa twende Murang'a, tukawaambie wote.

"Nimwambie nani? Shosho wenu alikufa. Baba yenu alikufa. Wale mama wa kanisa wamebaki wangapi? Wote walioyasema walikufa wakiyaamini."

Wakuu, funzo langu ni hili. Mtoto akiwa na shida, kabla hujashika ukoo wa mtu, angalia kwanza maji, moshi, rangi ya ukuta na kazi inayofanyika nyuma ya nyumba. Anayeyeyusha betri au kuchoma nyaya kwa ploti, abadilishe nguo kabla ya kubeba mtoto. Mwenye mimba anayekula udongo, tafadhali aongee na watu wa kliniki, bila aibu.

Mwenye ujuzi aongezee. Mwenye kisa kama hiki aseme. Mwenye matusi aniletee mimi, mama asiguswe.

Nimeandika hapa kwa sababu mama hana tena wa kumwambia. Jioni hii nitaketi naye nimsomee mtakachojibu.