Makofi Alipochukuliwa Ami Kombo

Haijanitoka siku ile, mwanangu, wala sitaki initoke. Nilikuwa mwari ndiyo kwanza naposwa, twakaa kisiwani kusini mwa Kismayu, kabla hatujahamia hapa Faza, kisiwani Pate. Wanajeshi walikuwa wameshika nchi na kutangaza ujamaa. Wakaja kijijini kutwambia vyama vyote vimekufa, kimebaki kimoja, nacho ndicho baba na mama yetu.

Jana nimewasikia nyinyi vijana barazani: "Vyama vingi kelele tupu, bora kiwe kimoja tujue moja." Damu ilinichemka. Basi sikilizeni.

Mkutano ulifanywa kwenye uwanja wa chuo ambamo ami yangu, Maalim Kombo, akisomesha watoto Kurani. Mkubwa aliyetumwa na chama akatufundisha wimbo wa kumsifu kiongozi, kisha akasema tangu siku hiyo mashua zote ni za umma.

"Penye wengi hapaharibiki neno," akasema. "Wanaokubali wapige makofi."

Watu wakapiga. Ami akasimama.

"Bwana, wanaokubali wamepiga makofi. Sisi tusiokubali tufanyeje?"

"Hakuna asiyekubali."

"Mimi nipo hapa. Wanitazama."

Askari wawili wakamkamata, kilemba kikamwanguka mchangani. Yule mkubwa akatugeukia: "Makofi!" Wallahi, mwanangu, wakapiga tena! Majirani. Watu aliowasomesha, aliowafungisha ndoa, aliowazikia wazazi wao.

Alasiri wakaja kutupa pole, nyuso zimewainama. Mama aliwazuia mlangoni.

"Mikono yenu imechoka leo," akawambia. "Nendani mukaipumzishe. Na mujue, nti hainenwi kwa kinywa kimoya."

Yaani nchi haisemewi na mdomo mmoja. Wakaondoka. Mtasema waliogopa. Na mama je, hakuogopa? Nilikuwa nimemshika mkono, naijua baridi ya vidole vyake. Wao walidhani makofi yatawalinda. Aliyepiga kwa nguvu zaidi ndiye wa kwanza kunyang'anywa mashua, akenda kulia kwa yule yule mkubwa, akaambiwa analipinga taifa. Hayo tuliyasikia tumeshavuka mpaka, tumekuja kwa jamaa zetu huku Pate na nguo za mwilini. Ami hakurudi. Hata leo hatuna kaburi la kumsomea Yasini.

Kwa hiyo msiniambie kelele zawakera! Kelele ni watu wangali hai. Vyama vyenu vimejaa waongo, najua, nami nawachukia kama nyinyi. Lakini mwongo aliye na mpinzani hutoka jasho, asiye na mpinzani huletewa kiti. Mkutanoni, kabla hujakubali, uliza anayekataa atasimama wapi. Wakikosa kukuonyesha mahali pake, ondoka. Na akisimama mmoja peke yake, hata kama humpendi, hata kama amekosea, kasimame karibu naye, asikamatwe huku nyote mmekaa.

Hayo ndiyo yangu. Allah awape vifua vipana na ndimi za kweli, awajaalie mzeeke katika nti ambayo mtu husema "la" mchana, na jioni akala chajio na wanawe. Amin.