Salamu Nilizovusha Ziwa

Mwaka 1998 nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Niliishia darasa la tatu, kwa hiyo wasomi wanivumilie. Boti niliitengeneza kwa jasho la kubeba magunia ya watu pale Wampembe, upande wetu wa ziwa; sikurithi hata ubao mmoja. Nilikuwa napeleka unga wa mahindi ng'ambo, Kongo, narudi na mawese.

Siku moja, Jumanne ya kawaida kabisa, nilipeleka unga kwenye kituo kidogo cha redio cha mji niliokuwa nafikia kule ng'ambo, chumba kimoja nyuma ya duka la dawa. Mtangazaji aliitwa Sifa. Habari alitafuta yeye, akazisoma yeye, na chumba akafagia yeye. Nilimwamkia kwa kupiga makofi kama tulivyolelewa Ufipa. Akacheka.

"Weye Mfipa, unanishangilia mimi au unashangilia unga wako?"

Tangu hapo nikawa nampelekea unga kila wiki, naye ni mtu anayekula peke yake.

Vita ilipokaribia, watu walianza kukimbilia upande wetu, nami niliwavusha wengi. Wakishafika Wampembe, kila mmoja alitaka waliobaki wajue kafika salama. Nikawaambia waandike kadi za salamu, Sifa atazisoma redioni. Walinisifu kwa huruma. Ukweli ni kwamba nilitaka sababu ya kuingia mle chumbani. Hata mimi niliandika yangu, ya kumsalimia yeye. Aliipitia kwa macho, akanirudishia.

"Hii hapana. Utanisomea weye mwenyewe, vita ikiisha."

Kadi ya salamu inajulikana ilivyo: jina lako, uliko, unaowasalimia, na waliko. Mwalimu mmoja niliyemvusha alimsalimia mkewe, "aliye kwa shemeji, nyumba yenye mlango wa bluu nyuma ya kanisa." Tulijua askari walikuwa wanamtafuta mwalimu yule. Lakini alikuwa ameshavuka, tukaona basi, amepona.

Sifa aliniuliza, "Nisome na mlango?"

"Soma. Mama wa watu asije akadhani si yeye."

Askari nao walikuwa na redio.

Niliporudi wiki iliyofuata, mlango wa bluu ulikuwa umelala chini. Mke wa mwalimu hajaonekana hadi leo.

Nilimkuta Sifa ameshika kadi zote tulizokuwa tumeshasoma. Kila kadi ilikuwa na nyumba, na kila nyumba ilikuwa na watu.

"Nitawaambia hewani wahame," akasema.

"Askari watakusikia."

"Na wenye nyumba nao watanisikia."

Nilimwambia tuondoke. Akasema nimsubiri kwenye boti, akimaliza anakuja. Nikaenda. Sikubaki naye.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Botini walikuwamo watu kumi na mmoja.

Mmoja alikuwa na redio. Tulimsikia Sifa akisoma majina, moja moja, bila haraka. Jina, kisha "hameni leo." Jina, kisha "hameni leo."

Baada ya jina la saba, redio ikanyamaza.

Risasi zikalia mjini.

"Washa mashine!" watu wakapiga kelele.

Nikawasha.

Sikumwona tena. Kama alikufa, sijui. Familia tatu zilifika Wampembe baadaye, zikasema zilihama kwa kusikia sauti yake.

Mwaka huu kanijia kijana anaitwa Gadi. Anaandika sinema ya mapenzi na utangazaji wakati wa vita. Anakaa barazani kwangu hapa Kizwite, ananisomea alichoandika. Kaandika kwamba Sifa anapigwa risasi ufukweni, anafia mikononi mwangu.

"Nani kakwambia hayo?"

"Babu, watazamaji lazima walie."

"Walie kwa ule mlango wa bluu. Andika kwamba mimi ndiye niliyesema soma. Andika na kwamba niliwasha mashine."

"Watamchukia mhusika mkuu."

"Wamchukie. Mimi nimeishi naye miaka yote hii."

Mke wangu akadakia kutoka jikoni, "Na umwandike anakoroma!"

Gadi alicheka, mimi sikucheka. Nilimwambia bila mlango ule siweki sahihi ya kumruhusu, atafute mzee mwingine wa kumsingizia. Akaondoka kanuna. Baada ya wiki mbili alirudi na karatasi mpya. Nilimwambia anisomee mara mbili. Mlango umo, na majina saba yamo. Anayesema soma ni mimi, anayewasha mashine ni mimi, na hakuna anayefia mikononi mwa mtu. Nikaweka sahihi.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne. Nina mashine ya kusaga, ng'ombe sita, na shamba la mahindi na ulezi. Nina mke na watoto wanne, wote wamenizidi darasa. Boti niliiuza. Nina redio, huwa naizima kikifika kipindi cha salamu. Na ile kadi yangu aliyonirudishia Sifa ninayo. Haijasomwa.